Naumwa mgongo, daktari kanituma kwa mwanasaikolojia

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, naishi Tandika na kazi yangu ni fundi cherehani. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nimetoka hospitali na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Mgongo huu unaingia mwaka wa nne. Mtaani kwetu maji yalikatika siku tatu, yaliporudi tukawa tunakimbizana na madumu kabla hayajakatika tena. Nikainua dumu la lita 20, nikasikia kitu kimekatika hapa kiunoni kama uzi mnene. Nililala wiki mbili. Nikainuka, lakini maumivu hayakuondoka. Kuna siku yanapungua, kuna siku yanashuka mpaka kwenye paja. Nimepiga picha, nimechomwa sindano, nimekandwa, nimeombewa, na mtaalamu mmoja wa mitishamba kanilia laki mbili na nusu. Mwaka juzi niliuza cherehani yangu ya pili nikapate hela ya MRI. Aliyenisomea majibu, katika hospitali ambayo sitaitaja, alitikisa kichwa akasema pingili mbili zimesagika na mgongo wangu ni wa bibi wa miaka 70. Nililia kwenye daladala kutoka huko mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo najichunga. Siinami, sibebi, navaa mkanda wa mgongo asubuhi mpaka usiku. Nikipata siku nzuri nashona mfululizo kufidia, kisha nalala siku tatu. Januari ndiyo mbaya zaidi, sare za shule zinanijia kwa furushi na sina wa kunisaidia. Diklofenaki nanunua famasi, siku hizi nameza kila siku. Usiku silali. Vikoba nimeacha kwenda, kanisani nakaa nyuma karibu na mlango ili niweze kusimama.

Mume wangu ni mtu mwema, hataki nishike hata sufuria. Mama mkwe ndiye anayesema nadeka. Ushahidi wake ni sendofu ya binti wa dada yangu mwezi wa sita. Nilisimama, nikaimba, nikacheza karibu saa mbili bila kukumbuka mgongo. Kesho yake nilishindwa kutoka kitandani, lakini yeye aliyaona ya jana tu.

Juzi bobini ilinidondoka chini ya cherehani. Nikabaki naitazama. Nikamwita mwanangu wa mwisho aliyekuwa anacheza nje, akaja akaiokota. Ana miaka saba. Akaniuliza, "Mama, wewe ukiinama utavunjika?" Nikakosa cha kumjibu.

Sasa huyu daktari wa wiki iliyopita ni kijana mpole. Kaangalia karatasi zangu zote, kanigonga magoti kwa kinyundo, kanipima nguvu za miguu, akasema hakuna mshipa uliobanwa wa kupasuliwa. Halafu akaniandikia niende kwa mwanasaikolojia nikapate tiba ya mazungumzo, karatasi imeandikwa CBT. Anti, niambie ukweli. Ananiona najifanyisha? Maneno yataondoaje maumivu ya pingili? Na nikionekana kwenye foleni ya wagonjwa wa akili, mama mkwe nitamwambia nini?

Mama wa Wawili, Tandika

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye bobini. Acha nianze na mwanao, maana swali lake ndilo swali lenyewe: hapana, mama yake akiinama havunjiki. Ataumia, pengine sana mwanzoni. Kuumia na kuvunjika ni vitu viwili, na katika miaka minne hii hakuna aliyekaa chini akakutenganishia.

Daktari wako hajasema unajifanyisha. Kakutuma mahali panapokufaa. Alichokosea ni kukupa karatasi bila maelezo, ukaondoka nayo ukidhani umeitwa mwongo au kichaa. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na nimeona wagonjwa wakiichana karatasi kama hiyo hapo hapo getini.

Nikwambie jambo nililoliona wodini. Tulikuwa na baba mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti. Usiku mmoja akanibonyezea kengele, jasho linamtiririka, ananiomba nimlegezee kidole gumba kwa sababu kimejikunja na kinamuua. Kidole hicho hakikuwapo. Mguu mzima haukuwapo. Maumivu yalikuwapo, na yalikuwa ya kweli kuliko kitu chochote chumbani mle. Jambo hili huwapata wengi waliokatwa kiungo. Linatufundisha kwamba maumivu hutengenezwa na ubongo pamoja na mishipa ya fahamu, kwa kila mtu, kwa kila ugonjwa, hata ukijichoma sindano ya cherehani. Kwa hiyo ukiambiwa ubongo unahusika, hujatukanwa.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama geti. Taarifa za maumivu zinapopanda kwenda kichwani, geti laweza kuzipitisha zote au kuzipunguza, na ubongo nao unatuma amri kutoka juu: fungua, funga. Elimu imesonga mbele tangu wakati huo, lakini geti lao bado linatufaa. Sasa mfikirie mlinzi wa geti hilo. Siku ya dumu la maji mwizi aliingia kweli. Nyama na kano zilizoumia siku hiyo hupona kwa wiki kadhaa, zikichelewa sana ni miezi michache. Ndiyo maana maumivu yakipita miezi mitatu tunayaita sugu na kuyatazama kwa jicho lingine. Mwizi kaondoka, mlinzi kabaki na kiwewe. Akipita paka, anapuliza filimbi nyumba nzima inaamka. Na ukikosa usingizi, ukiwa na marejesho ya vikoba kichwani, ukiambiwa una mgongo wa bibi wa miaka 70, anazidi kukamata rungu.

Sendofu ya mwezi wa sita, ambayo mama mkwe anaifanya ushahidi wa uongo wako, mimi naisoma kinyume. Furaha, nyimbo, watu uwapendao, mwili unaocheza: hivyo ndivyo vinavyofunga geti. Maumivu ya kesho yake yanaeleweka pia, maana ulicheza saa mbili kwa mwili uliokuwa umefungiwa ndani miaka. Usiione aibu siku ile. Nenda nayo kwa mwanasaikolojia, mwambie ilivyokuwa.

Na yule aliyekusomea MRI, Mungu amsamehe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 40, takriban 68 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 20, walikuwa 37. Hawa wote wanainama, wanabeba, wanacheza, hawajui kama wana kitu. Kuchakaa kwa pingili ni kama mvi, mdogo wangu, huja na umri. Picha yako haikusema uongo, ila maneno yaliyoifuata yalikutia woga, na woga huo umekuwa ukiuvaa pamoja na mkanda.

Kabla sijaendelea, kuna dalili ambazo hazisubiri mwanasaikolojia: ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, mkojo au choo kutoka bila kujua au mkojo kugoma, mguu kupoteza nguvu, homa na jasho la usiku, kukonda bila sababu. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na hapa kwetu hatukichezei. Ukiona mojawapo, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maelezo yako huna, na daktari alikupima.

Sasa hayo mazungumzo. Tiba ya fikra na tabia, ndiyo hiyo CBT, ilianzia Marekani miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa sonona, baadaye ikaletwa kwenye maumivu. Si kubembelezwa, wala si kuambiwa "usiwaze sana." Mara nyingi ni vikao kati ya 6 na 12, karibu saa moja kila kimoja, na unaondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Ukimkuta mtu anayekusikiliza tu na kukupa pole kila wiki bila kukupa kazi, au anayekuahidi kupona siku moja, huyo hafanyi tiba hii.

Atakachokushughulikia mapema, nadhani, ni ule mtindo wako wa kushona mfululizo kisha kulala siku tatu. Hapo ndipo wagonjwa wengi wa maumivu sugu wanapokwama, na wengi wao ni wachapakazi kama wewe, hawana udekaji wowote. Unachofanya ni kuuachia mgongo uamue lini uache, nao unaamua wakati umeshachelewa. Tiba inakufundisha kuiachia saa. Chukua siku tatu, pima unakaa kwenye cherehani dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza kupanda. Tuseme 40, 25 na 35. Wastani ni 33. Punguza moja ya tano, unabaki na kama 26, fanya 25. Basi weka simu ilie kila baada ya dakika 25, na ikilia unasimama hata kama huumwi, hata kama umebakiza pindo moja tu. Hasa kama umebakiza pindo moja. Tembea mpaka uani, kunywa maji, nyoosha mikono, rudi. Siku mbaya nayo usilale mchana kutwa, fanya vipande hivyo hivyo, ikibidi uvifupishe. Wiki ya pili au ya tatu unaongeza dakika mbili tatu. Mwanzoni utaona unachelewesha kazi za watu. Hesabu sketi za mwezi mzima, usihesabu za siku moja.

Jambo la pili ni fikra, na hapa watu wengi huelewa vibaya. Hakuna atakayekulazimisha kusema "siumwi." Utapewa daftari. Asubuhi umeamka mgongo umekaza, unaandika wazo lililokuja la kwanza. Labda ni, "Leo siku imeharibika, mwisho wangu ni kiti cha magurudumu." Unaandika lilikufanyia nini: moyo ulienda mbio, misuli ikakaza, ukarudi kulala. Halafu unaulizwa kama hakimu anavyouliza: ushahidi uko wapi? Umewahi kuamka hivi ukafanya kazi? Mara ngapi? Hapo unaandika wazo lingine lenye ukweli zaidi, kwa mfano, "Naumwa, na Jumanne niliamka hivi hivi nikamaliza sketi mbili." Linaonekana dogo. Lakini ukilifanya kila siku kwa wiki kadhaa, mlinzi wa geti anaanza kupata taarifa sahihi badala ya mayowe.

Kisha inakuja bobini. Kuinama hutatupiwa kwa mkupuo. Pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia mtapanga ngazi: leo umekaa kwenye kiti unashusha mikono mpaka magotini, wiki ijayo mpaka kwenye vifundo vya miguu, halafu unaokota kanga juu ya stuli, halafu juu ya ndoo iliyofunikwa, halafu sakafuni. Kila ngazi unakadiria kabla kwamba "nitaumia kiasi gani, kitatokea nini," na baadaye unaandika kilichotokea kweli. Mwili ndio unaojisomesha hapo, maneno pekee hayatoshi. Mwanao akiwapo siku utakayofika sakafuni, mwite aone.

Mumeo, huyo mwema, naye ana kazi. Najua anakupenda. Lakini kila anapokupokonya sufuria, mlinzi anasikia, "Kumbe hatari bado ipo." Mwombe akuache ufanye mliyokubaliana, na badala ya kukuuliza "mgongo vipi?" kutwa mara tano, akuulize umefanya nini leo. Nenda naye angalau kikao kimoja. Mara nyingi mume akielezwa na mtaalamu anaelewa haraka kuliko akielezwa na mkewe, ndivyo tulivyo.

Kuhusu usingizi wako umeandika neno moja tu, "silali," lakini usilipuuze ukifika huko. Mwanasaikolojia atataka kujua unaingia kitandani saa ngapi, unaamka saa ngapi, mchana umelala kiasi gani. Siku tatu za kulala mchana ndizo zinazokuibia usiku. Na maombi yako endelea nayo, hayagombani na tiba hii hata kidogo.

Umeniomba ukweli, basi nikupe na upande usiopendeza. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa tafiti 75 za tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu, nyingi zikiwa za hii tiba ya fikra na tabia, wagonjwa zaidi ya 9,400. Tiba hii ilionekana kusaidia, lakini kwa wastani nafuu ilikuwa ndogo, kwenye maumivu yenyewe, kwenye uwezo wa kufanya shughuli na kwenye dhiki ya moyo. Kwa hiyo usiende ukitegemea kuamka siku moja bila mgongo. Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo ambao haiwagusi. Nilichoshuhudia mimi ni kwamba wanaofaidika wanaacha kupima siku kwa maumivu, wanaanza kuipima kwa walichofanya, na maumivu yanashuka nyuma yao, mengine yanabaki. Kurudi vikoba, kukaa kiti cha mbele kanisani, kulala saa sita za usiku: hayo kwangu si madogo. Dawa za kumeza kwa miaka hazijakupa hata moja kati ya hayo.

Kuhusu dawa, hapa nakuwa mkali kidogo. Diklofenaki kila siku bila kupimwa ni hatari: vidonda vya tumbo, figo, presha kupanda. Wiki hii hii nenda ukapime presha na figo, na umwambie daktari unameza kiasi gani, usipunguze hesabu. Choo kikiwa cheusi kama lami, kimbia hospitali. Mkanda nao, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno limeshauri usitumike kama tiba ya kawaida. Mwongozo huo huo umeweka elimu, mazoezi na tiba ya fikra na tabia miongoni mwa yanayofaa. Basi unaona daktari wako kijana hakubuni kitu kichwani. Mkanda usiuvue kwa siku moja, upunguze saa kwa saa, mtaalamu wa mazoezi akusaidie.

Wanasaikolojia wa tiba kwetu ni wachache, sitakuficha. Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili, na kwa wewe wa Tandika anzia Hospitali ya Temeke, uliza kliniki ya afya ya akili na uoneshe karatasi ya daktari. Uliza moja kwa moja: "Kuna aliyesomea tiba ya fikra na tabia, na amewahi kuhudumia wagonjwa wa maumivu?" Kama una bima, uliza inalipia vikao vingapi kabla hujaanza. Ukiambiwa usubiri miezi, dakika 25 na daftari anza nazo nyumbani leo, hazihitaji foleni.

Foleni yenyewe usiiogope. Utakaa na watu wenye usingizi mbovu, wajane wenye majonzi, vijana wenye hofu, watu wa kawaida kabisa wa Temeke. Mama mkwe mwambie hivi: "Mama, naenda kufundishwa namna ya kurudi kazini." Ni kweli tupu, wala hahitaji zaidi ya hapo.

Ukienda beba picha zako, orodha ya dawa zote, za kienyeji zikiwamo, na ukurasa mmoja wa mambo matatu unayotaka kuyafanya tena. Andika "kushona sare za Januari" lakini isiwe ya kwanza. Ya kwanza iwe ile unayoipenda.